Saa kumi na nusu alfajiri: namna ya kuufanya mtaa upitike gizani

Nina genge la mboga kwenye kona ya mtaa mmoja upande wa Ngarenaro, hapa Arusha, na kwenye kona hiyo nimekaa miaka 16. Mwenye genge hana usingizi wa alfajiri. Nyanya na hoho zinazoshushwa Soko la Kilombero zinagombewa kungali giza, na ukifika kumekucha unakuta zilizobonyea. Mnafu na chainizi vivyo hivyo. Kwa hiyo siku sita kwa wiki natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, mwendo wa kama dakika ishirini kwa miguu, na mtaa huu naujua katika saa ambayo wengine wanaijua kwa kusikia mbwa na adhana.

Mwezi wa saba mwaka 2021 niliporwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Mwezi ule Arusha ni baridi na ukungu, na jua linachelewa hadi karibu saa moja kasorobo. Pikipiki ilikuja nyuma yangu taa ikiwa imezimwa, watu watatu juu yake, wale ambao sisi tunawaita tatu mzuka. Aliyekaa mwisho akashika mkanda wa pochi. Mimi nikang'ang'ania, maana ndani kulikuwa na mtaji wa siku. Wakaniburuta mpaka mkanda ulipokatika. Zilikwenda shilingi 85,000 na simu, na bega la kulia hadi leo linauma nikinyanyua tenga.

Nilipiga kelele, niliita watu. Nyumba iliyo mbele ya kwangu taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Ikazimwa.

Wiki iliyofuata jirani wa nyumba ile alikuja gengeni kununua vitunguu. Alisimama muda mrefu bila kuchagua, kisha akasema, "Mama, nilikusikia. Nisamehe. Sikujua kama ni wewe." Siku ile sikumjibu. Nimelirudia neno lake kichwani mara nyingi mno, na haya yote ninayoeleza yametokana nalo. Ukitaka watu wapite mtaani kwenu gizani bila kuporwa, kazi kubwa ni kufanya kila aliye ndani ajue ni nani aliye nje.

Utembee mtaa kwanza

Usianze na kikao. Usianze na kuchangisha hela, kwa sababu hela ikitangulia, wiki ya pili mnagombania hela na mtaa mmeusahau. Chukua daftari, utembee mtaa wenu mara tatu: saa kumi na moja alfajiri, saa tisa alasiri, saa tatu usiku. Usiende peke yako. Mimi nilikwenda na mama wa maandazi pamoja na babu mmoja mlinzi. Andika pale penye giza, pale mtu anapoweza kujibanza, na nani yuko nje saa hiyo.

Safari ya alasiri watu huiona haina maana, nami naisisitiza. Saa tisa watu wazima wako kazini, watoto wako shule, na milango ya uani imefungwa kwa kipande cha waya. Ndio wakati mtungi wa gesi unapoondoka, na sufuria, na koki ya bomba inayokatwa ikauzwe kwa kilo kwenye vyuma chakavu. Kwetu nyumba saba zilikuwa zimeibiwa mchana ndani ya mwaka mmoja, na kila mwenye nyumba alidhani ni yeye peke yake.

Tuliandika sehemu nne mbaya: kichochoro kati ya kuta mbili ndefu, njia inayoshuka kwenye kivuko cha mto, pagala moja lisilo na milango, na kona ya jalala. Mto wenyewe ndio uliotoa jina la Ngarenaro, ni Kimasai, maji meusi, na kandokando yake magugu yanakua haraka kila masika. Tulifyeka Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ile ya usafi, siku ambayo watu wako nje na majembe hata hivyo. Siku hiyo humwombi mtu muda wa ziada, unamwelekeza tu pa kufyeka. Fyekeni hadi mtu aliyechuchumaa aonekane kutoka barabarani. Kisha rudieni kila baada ya mvua, maana magugu hayasubiri kikao.

Pagala lilichukua miezi mitano. Mwenyewe anaishi Dar es Salaam. Namba yake tuliipata kwa mjumbe, tukampigia, hakuamini. Tukampigia picha za ndani: magodoro yaliyochanika, sindano, viatu vya mtoto ambaye hatukumjua. Picha ile ya viatu ndiyo iliyomfanya apige simu mwenyewe. Alikubali tumweke kijana muuza mkaa akae bure, kwa masharti ya kuziba madirisha na kuwasha taa. Ikiwa kwenu kuna pagala, msilivunje wala msimfukuze mtu aliyelala humo kwa fimbo. Mtafuteni mwenye mali kupitia mjumbe au ofisi ya mtaa, mtumieni picha, mwambieni mnachotaka kwa sentensi moja.

Taa

Taa za barabarani ni za serikali, na kuziomba ni haki yenu: andikeni barua kupitia mtendaji wa mtaa, mbaki na nakala yenye muhuri. Wakati mnasubiri, kuna balbu za nje ya nyumba zenu.

Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti tatu na kidogo kwa mwezi. Gharama hiyo haifiki nusu kilo ya sukari. Nimezunguka na hesabu hii nyumba kwa nyumba, kwa sababu watu walikuwa wanaogopa LUKU, umeme wa kulipia kabla, kuliko wezi. Aliyegoma hakugoma kwa ubaya, alikuwa hajui. Kwa nyumba za wapangaji wengi ambako kila mtu anasema taa ya nje si yake, tulikubaliana mwenye nyumba atoe balbu na wapangaji wapokezane mwezi kwa mwezi, jina likiandikwa mlangoni.

Namna ya kuifunga ina maana kubwa. Balbu ikielekea machoni mwa mpita njia inampofusha, na aliyejificha nyuma yake haonekani. Ifunge juu, mwanga ushuke chini na mbele ya lango. Weka kizimba kidogo cha waya ili isichomolewe. Na ile balbu ya kichochoroni, ambapo hakuna nyumba inayotazama, tuliivutia waya kutoka dukani na tunamchangia mwenye duka umeme, yeye anawasha na kuzima. Fundi wa umeme awe mtu anayeijua kazi. Waya uliopita juu ya bati bila bomba umeshaunguza vyumba.

Majina

Mimi ni mtu wa genge, watu wananijua kwa sura: yule wa mafungu mawili ya mchicha, yule wa nyanya za kukopa. Lakini baada ya neno la jirani yangu nilianza kuuliza majina. Kila anayekuja, namsalimia, namwuliza jina lake na anakokaa, najitambulisha. Miezi miwili nikawa najua nyumba arobaini. Fanya hivyo hata kama huna genge. Salimia mtu yule yule mara tatu, mara ya nne muulize anaitwaje. Wazee wape shikamoo yao, hata yule mlinzi wa Kimasai anayekaa na rungu nje ya geti la mtu. Ndiye aliye macho usiku kucha, na wengi wanampita kama nguzo. Mlinzi wa nyumba ya tatu kwetu ndiye aliyetuonyesha kwamba pikipiki zinazokuja kupora zinazima taa zikifika jalalani. Alikuwa ameliona jambo hilo kwa mwaka mzima. Hakuna aliyemuuliza.

Mpangaji mpya akiingia, mwenye nyumba ampeleke kwa mjumbe na ofisi ya mtaa aandikwe kwenye daftari la wakazi, aje na barua ya utambulisho kutoka alikotoka. Utaratibu upo siku nyingi, tumeuacha ulale. Lakini ofisi haitoshi. Sisi mpangaji mpya tunampitisha nyumba tano za karibu, dakika kumi tu, watu waone sura na wasikie sauti. Binti mmoja mwanafunzi wa chuo aliniambia ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aje Arusha mtu kumtambulisha kwa jirani.

Sasa vijana wa kijiweni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mitaa mingi inapokosea. Kila kikao cha usalama nilichowahi kuhudhuria, mtu wa kwanza kusimama anasema vijana wale pale kwenye kona waondolewe, wanavuta bangi, ni vibaka. Wengine kweli wanavuta. Lakini fikiria: wamekaa pale kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku, wanamjua kila anayepita, wanaijua kila pikipiki kwa mlio. Ukiwafukuza umeipofusha kona yako kwa mikono yako mwenyewe.

Nilichofanya ni kwenda na chupa ya chai na maandazi, nikakaa nao kwenye gogo lao. Nikawaambia niliporwa na nikawaonyesha bega. Wawili waliinamisha vichwa. Mmoja, chalii mwembamba anayeosha magari, akasema, "Mama, sisi kila kitu kikiibiwa ni sisi. Tukija kusaidia watu wanakimbia." Niliumia kusikia hivyo, maana hata mimi nilikuwa nahamisha pochi bega la pili nikiwapita. Tukaelewana mambo mawili. Wao hawapigii kelele wasichana wanaopita, na mtu mgeni akizungukazunguka wanamwendea kwa adabu: "Kaka, unamtafuta nani, tukupeleke?" Mtu mwema atashukuru kupelekwa. Mwenye nia mbaya ataondoka kwa sababu ameonekana. Na sisi tukakubali kutowapelekea polisi kila simu inapopotea bila ushahidi. Wanne kati yao sasa ndio wanaopakia na kushusha mizigo ya magenge yote ya kona yetu, kwa malipo.

Bodaboda ni hivyo hivyo. Kijiwe cha bodaboda cha karibu kiwe na orodha: jina, sura, namba ya pikipiki ile inayoanza na MC, namba ya vesti. Nakala moja kwa mwenyekiti wa kijiwe, nyingine ofisi ya mtaa. Usiku au alfajiri piga simu kwa unayemjua, usidake ya njiani. Ukilazimika kudaka, soma namba kwa sauti kwenye simu ukimtumia mtu wa nyumbani, dereva asikie.

Safari ya alfajiri

Sisi tunaotoka gizani tuko sita: mimi, mwenzangu wa genge la chini, mama wa maandazi, mama wa supu, baba mmoja fundi viatu, na dada anayefanya kazi ya kifungua kinywa kwenye hoteli moja mjini. Tunakutana chini ya balbu ya duka saa kumi na nusu. Kila mtu anatoka kwake akiwa ameshapiga simu, na jirani yake wa karibu anamsindikiza kwa macho dirishani mpaka afike kwenye taa. Asiyefika ndani ya dakika tano anapigiwa. Asipopokea, wawili wanamfuata mlangoni. Hatujawahi kumwacha mtu kwa kudhani amelala.

Njiani tembeeni upande wa kulia, magari na pikipiki zije mbele yenu muzione. Mimi nilitembea kushoto, ndiyo maana sikuiona. Pochi isivuke kifua kwa mkanda, mkanda ndio ulioniburuta. Hela ya mtaji igawe: ya soko ndani ya nguo, kidogo mfukoni kwa ajili ya kutoa ukilazimishwa. Simu ndani, masikio wazi. Anayekuja nyuma kwa miguu, simameni ukutani apite, mmsalimie. Salamu inamlazimisha kutoa sauti.

Na kama kisu kimetoka, toa. Mtaji utakopwa. Nimeshamwambia mwanangu hili, nawaambia na ninyi.

Watoto wanaokwenda shule saa kumi na mbili wapangiwe hivyo hivyo, kwa makundi, na mtu mzima mmoja asimame kivukoni hadi wa mwisho apite. Kwetu anasimama yule babu mlinzi akiwa anatoka zamu. Mkiona mtoto anayefanyiwa ukatili, au anayefuatwafuatwa na mtu mzima, namba ni 116, haina malipo. Na kelele za mwanamke anayepigwa ndani zisiitwe mambo ya ndani. Gonga, uliza, kaa pale. Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Msindikize, usimwelekeze tu.

Walinzi na hela yao

Ulinzi wa wananchi si jambo jipya. Sungusungu ilianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakiwa wamechoshwa na wizi wa ng'ombe, na leo mjini tunaita ulinzi shirikishi. Uko chini ya serikali ya mtaa na unafanya kazi pamoja na polisi. Msianzishe kikundi chenu gizani bila ofisi ya mtaa na mkaguzi wa polisi wa kata kujua majina ya walinzi. Mkifanya hivyo mmeunda genge lenye tochi.

Kabla ya hili la sasa, mtaa wetu ulikuwa na mchango uliokufa. Watu walitoa mwaka mzima bila stakabadhi, wakaacha mmoja mmoja, walinzi wakakosa posho, na mmoja wao akaanza kujilipa kwa kuku za watu. Safari hii tulipanga 3,000 kwa kaya kwa mwezi, wajane wazee na wagonjwa tukawasamehe. Kila atoaye anapewa stakabadhi. Karatasi moja inabandikwa mlangoni kwa duka kila tarehe 5: waliotoa, kilichotumika, kilichobaki. Mweka hazina si mwenyekiti wala ndugu yake. Jambo hili moja, karatasi mlangoni, limefanya kazi kuliko hotuba zote.

Mlinzi apewe filimbi, tochi, koti la mvua na chai ya saa nane usiku. Tulikubaliana filimbi moja ndefu ni "njoo dirishani uangalie", tatu fupi ni "tokeni nje wote". Fanyeni majaribio siku ya Jumapili jioni watoto wakiwepo, wao ndio watakaokumbuka.

Kundi la WhatsApp nalo liwepo, lakini kwa sheria. Liwe la taarifa: nini, wapi, saa ngapi. Picha ya mtu yenye maneno "huyu ni mwizi" hairuhusiwi kwetu, na anayeituma anatolewa siku hiyo hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza uongo, ila sababu yangu ni nyingine, naieleza sasa.

Mtu akikamatwa

Mtaa niliokaa kabla ya huu, usiku mmoja mtu alipiga ukelele wa mwizi. Watu walitoka, hata mimi nilitoka. Kijana alikuwa chini, anapigwa. Alikuwa anasema kitu, na kwa zile kelele hakuna aliyesikia. Dada mmoja mteja wangu alitoka na kanga yake begani kuja kuona mwizi kama sisi wote, akasimama nyuma ya watu. Hakujua kuwa aliyelala pale ni mdogo wake. Kijana alikuwa ametoka Singida siku ile, basi lilichelewa, simu imeisha chaji, akagonga geti la nyumba isiyo yenyewe. Alifariki siku ya tatu.

Nilikuwepo. Sikurusha kitu, na sikuzuia. Ndiyo maana kwenye mtaa huu, jambo la kwanza nililolidai kwenye mkutano, kabla ya taa na kabla ya filimbi, ni utaratibu wa mtu aliyekamatwa. Mwenyekiti alitaka kulipeleka mwisho wa ajenda, nikasimama mpaka likasomwa.

Tunafanya hivi. Aliyekamatwa anakalishwa chini, mgongo ukutani, chini ya taa. Watu watatu waliochaguliwa mapema, kwetu ni babu mmoja, mwalimu mstaafu na mimi, tunasimama kati yake na watu. Kazi yetu ni kusimama tu. Mmoja anamuuliza kwa sauti ya kusikika: unaitwa nani, unatoka wapi, unamjua nani hapa? Jibu linarudiwa kwa sauti kubwa ili walio nyuma wasikie. Mwingine anapiga 112 na kumpigia mkaguzi wa kata, namba imeandikwa kwa rangi ukutani kwa duka. Vitu alivyokutwa navyo havishikwishikwi. Hakuna kumvua nguo, hakuna kumpiga picha.

Sheria inamruhusu raia kumkamata anayefanya kosa mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumwadhibu. Akifa mikononi mwa kundi, aliyepiga teke moja anaweza kushtakiwa kwa mauaji pamoja na aliyeleta petroli. Waambieni vijana wenu hivi wazi kabla ya usiku wenyewe kufika, kwa kuwa usiku ule hakuna atakayesikia sheria. Tangu tuanze tumewakabidhi watu watatu. Mmoja alikuwa mlevi aliyekosea nyumba.

Ukishaporwa

Kama damu inatoka, hospitali kwanza, na mtu mwingine akimbilie kituoni kukuchukulia PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Fomu hiyo haiuzwi. Ukifungua taarifa, usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni, iandike pembeni ya jina la askari aliyekuhudumia. Mimi kituo nilichokwenda kwanza niliambiwa nirudi kesho, nikarudi kesho mara tatu. Nilipokwenda na mjumbe na mashahidi wawili niliandikiwa siku hiyo hiyo. Msiende mmoja mmoja.

Laini ya simu ifunge ndani ya saa ile. Azima simu ya mtu wa mtandao wako, piga 100, wafunge laini na akaunti ya pesa. Mimi nilichelewa hadi mchana, na tayari ndugu zangu wawili walikuwa wametumiwa ujumbe kwa jina langu wakiombwa hela ya hospitali. Ujumbe wa kitapeli namba yake tuma 15040. Na leo hii, ukiwa bado unayo simu, bonyeza *#06#, uandike tarakimu 15 zinazotokea kwenye daftari la nyumbani. Polisi watakuuliza hizo, na hakuna anayezikumbuka kichwani. Ukipata laini mpya, bonyeza *106# uone kama kuna namba usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Halafu mjulishe mtaa usiku ule ule, hata kama unaona aibu. Mahali, saa, walikuja wakitokea wapi. Mimi nilinyamaza wiki nzima, na ndani ya wiki ile mama wa supu aliporwa pale pale.

Leo alfajiri tulikuwa watano. Dada wa hotelini ana zamu ya jioni wiki hii, alitutumia ujumbe jana usiku, kwa hiyo tuliondoka bila kumgongea. Balbu ya kichochoroni imeanza kupepesa. Nimemwachia mwenye duka hela ya nyingine, na jirani yangu wa mbele amesema ngazi anayo, ataipandisha mwenyewe akirudi kazini.